Kwa mnaotoa maelekezo kutoka juu: kuhusu saini zetu

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaojaza fomu. Ni makarani wa vituo vya kupigia kura, madaktari na wauguzi, wahasibu, wapima ardhi, walimu wanaosahihisha mitihani, makarani wa mahakama, watu wa takwimu wanaohesabu watu na mavuno. Hatuna bunduki wala jukwaa. Tulicho nacho ni kalamu, muhuri na jina, na amri yenu haiwi jambo lililotendeka mpaka ipite kwenye vitu hivyo vitatu. Aliyekufa kwa kipigo hawi mgonjwa wa moyo mpaka daktari aandike hivyo kwenye cheti. Kura 212 haziwi 1,212 mpaka karani aandike na mwenzake ajumlishe. Shamba la mjane haliwi la mkubwa mpaka mpima ardhi ahamishe bikoni, yaani alama ya mpaka, kwenye ramani.

Barua hii inawaarifu kwamba hatutaandika tena tusichokiona, wala kutia saini tunachojua si kweli. Hatutafanya fujo, hatutaacha kuja kazini, hatutamtukana mtu. Kila kazi halali mtakayotupa tutaifanya kwa bidii. Ila uongo, tafuteni mkono mwingine wa kuuandika.

Tunasema mapema kwa makusudi. Tarehe 2 Machi 1930, Mohandas Gandhi alimwandikia Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, akamweleza sheria atakayoivunja, kwa nini ataivunja, na lini ataanza iwapo hakutakuwa na maelewano. Siku 10 baadaye akaondoka kwa miguu na wenzake 78, mwendo wa kilomita 385 hivi hadi pwani ya Dandi, kwenda kuokota chumvi iliyokuwa imepigwa marufuku kuokotwa. Neno alilokuwa akilitumia tangu alipokuwa Afrika Kusini, satyagraha, maana yake ni kushikamana na ukweli. Watu hulisifu neno hilo wakasahau sharti lake: anayeshikamana na ukweli hamvizii mpinzani wake. Nasi hatuwavizii. Mkishajua tutakachofanya, mna nafasi ya kulibadili agizo kabla halijafika mezani kwetu, na hilo tunalipenda kuliko kuvutana nanyi.

Uongo wa serikali hauanzi na waziri kusimama mbele ya kamera. Unaanza na simu. Sauti haisemi "ghushi". Inasema "tumia busara", "wewe mtu mzima", "wakubwa wanasubiri", "funika kombe mwanaharamu apite". Hakuna karatasi. Jina litakalobaki kwenye kumbukumbu ni la aliye chini, na siku mambo yakiharibika ndiye atakayetafutwa. Baada ya simu, hatua zinazofuata ni zilezile karibu kila mahali. Fomu husainiwa ikiwa tupu, eti kuokoa muda. Takwimu huandikwa kwa penseli. Kisha takwimu nyingine huja kutoka ofisini, ile ya kwanza ikafutwa, na mwishowe tarehe hurudishwa nyuma ili ilingane na taarifa iliyokwisha kutangazwa. Ukikata hatua ya kwanza, zote zilizobaki huwa ngumu. Ndiyo maana sisi tunaanzia hapo.

Kule Malawi, baada ya uchaguzi wa tarehe 21 Mei 2019, fomu nyingi za matokeo zilikutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia, tarakimu mpya zikiwa juu yake. Tarehe 3 Februari 2020 majaji 5 waliufuta uchaguzi huo wa rais, na wino ule ulikuwa miongoni mwa sababu. Kabla ya hukumu mtu alijaribu kuwahonga. Wakaripoti badala ya kupokea au kunyamaza, na mhusika akatiwa hatiani mwaka 2021. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 23 Juni 2020, na rais aliyekuwa madarakani akashindwa. Sehemu kubwa ya vituko vile ilitoka kwenye kichupa kinachoenea kiganjani, mikononi mwa watu ambao kila mmoja wao angeweza kusema hapana.

Sasa utaratibu wetu, ili pasiwe na wa kusema hakuujua.

Fomu tupu haisainiwi, hata kama gari linasubiri na mvua inanyesha. Saini ni kitu cha mwisho. Nafasi isiyo na taarifa hupigwa mstari, ili mwingine asije kuijaza njiani. Tarakimu huandikwa kwa wino, kisha kwa maneno: 212, mia mbili na kumi na mbili. Kuongeza 1 mbele ya 212 ni kazi ya sekunde moja. Kuongeza neno "elfu moja" mahali pasipo na nafasi hakuwezekani bila kuacha alama. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja tu, lile la zamani libaki likisomeka, sahihi huandikwa juu yake, na pembeni herufi za jina la aliyesahihisha pamoja na saa. Hatutumii penseli. Wino wa kufutia hatuuweki hata mezani.

Kuhesabu ni kwa watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuonyeshana. Wakipishana, wote wawili wanarudia tangu mwanzo. Hapa panahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu watu waungwana wakipishana hupenda kukutana katikati. Mmoja amepata 208, mwingine 212, wanaandika 210 ili wasigombane. Hiyo 210 ni uongo wa watu wawili. Na mkono uliozoea kuandika 210 kwa ajili ya amani utaandika 1,212 kwa ajili ya amani kubwa zaidi siku simu itakapopigwa.

Likija agizo la mdomo linalotutia shaka, tutaliandikia dokezo kwenye jalada palepale: tarehe, saa, cheo cha aliyeagiza, maneno yake kadiri tunavyoyakumbuka, na chini yake sentensi moja, "Naomba agizo hili kwa maandishi." Dokezo litapewa namba ya ukurasa kama karatasi nyingine yoyote ya masijala, ili likichomolewa pengo lionekane. Hatutabishana kwenye simu, kwa sababu kwenye simu mkubwa hushinda kila mara. Anayejua kazi za ofisi anajua kwamba maagizo mengi mabaya hufia hapo hapo. Mwagizaji akiombwa aandike, hupiga simu ya pili kusema yaishe.

Hatutarudisha tarehe nyuma. Tukichelewa kuandika jambo, tutaandika leo na kusema ni leo, kisha tutaje siku lilipotokea na sababu ya kuchelewa. Kumbukumbu iliyochelewa bado inaaminika, lakini iliyodanganya tarehe haina faida kwa yeyote.

Kila taarifa yetu itatenganisha mambo matatu: nimeona, nimeambiwa na nani, nadhani. Kuyachanganya ndiko kunakoua taarifa nyingi za watu wema. Tuchukue majeraha ya mahabusu. Kuandika "amepigwa kikatili na askari" hakusaidii mahakamani, kwa sababu daktari hakuwepo askari walipopiga. Ataandika hivi: michubuko minne iliyo sambamba, mgongoni upande wa kushoto, mrefu kuliko yote sentimita 9, upana sentimita 1.5, rangi ya zambarau, ngozi haijapasuka. Mgonjwa anaeleza kuwa alipigwa kwa waya usiku wa juzi. Michubuko inaafikiana na maelezo hayo. Mchoro wa mwili uambatanishwe, kila jeraha na namba yake. Wakili wenu akisimama kuuliza, hatapata neno la hasira la kung'ang'ania. Atakuta sentimita 9.

Tunalisema hili la madaktari kwa uzito kwa sababu tunajua cheti kimoja kinaweza kufanya nini. Septemba 1977, Steve Biko, mpinzani wa utawala wa ubaguzi wa rangi, alikuwa mikononi mwa polisi Port Elizabeth, Afrika Kusini, akiwa ameumizwa kichwa. Daktari wa wilaya aliitwa, na kwa ombi la ofisa wa polisi akaandika kuwa hakuona dalili yoyote isiyo ya kawaida. Siku chache baadaye Biko alilazwa uchi nyuma ya gari, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafa tarehe 12. Waziri alizungumzia mgomo wa kula. Uchunguzi wa maiti ulionyesha jeraha la ubongo. Miaka 8 baadaye, katika mji uleule, daktari kijana aitwaye Wendy Orr, mwajiriwa wa serikali ileile, alikuwa akiwapima mahabusu na kuandika majeraha yao. Septemba 1985 alikwenda mahakamani na kiapo pamoja na kumbukumbu hizo, na mahakama ikatoa amri ya kuwazuia polisi wasiwapige mahabusu. Yeye aliondolewa kwenye kazi ya kuwapima. Amri ya mahakama ilibaki.

Kuna jambo ambalo haligusi mtu mmoja bali kazi nzima: kiapo kipya. Mkitutaka tuape utii kwa mtu au kwa chama badala ya katiba, tutafuata njia ya walimu wa Norwei. Februari 1942 serikali ya Quisling, iliyokuwa chini ya Wajerumani, iliwalazimisha walimu wote waingie kwenye chama kimoja cha walimu, na vijana wote waingie kwenye jumuiya ya vijana ya chama tawala. Nchi hiyo ilikuwa na walimu 12,000 hivi. Kati ya 8,000 na 10,000 waliandika barua ya kukataa. Maneno yalikuwa yaleyale kwa wote, machache, bila tusi wala siasa ya ziada. Kila mmoja akaandika ya kwake, akatia saini yake na anwani yake, akaituma.

Kila kipande cha mpango ule kina sababu. Maneno yakiwa tofauti, mtachagua barua kali kuliko zote mmwadhibu mwandishi wake kama mfano. Majina yakiwa kwenye orodha moja, wa juu ataitwa kinara na wa mwisho ataambiwa amedanganywa. Kila mtu akiwa na karatasi yake, kila mmoja ni wa kwanza. Anwani inawaambia kwamba mwandishi hakimbii. Serikali ile ilifunga shule kwa kisingizio cha uhaba wa kuni na makaa, ikakamata walimu 1,000 na zaidi, ikawapeleka karibu nusu yao Kirkenes, kaskazini kabisa, wakafanye kazi ngumu za bandarini. Wazazi nao wakaandika barua. Kufikia Novemba mwaka uleule walimu walikuwa wamerudishwa makwao, na kile chama cha walimu hakikuwahi kusimama.

Hatuwafichi kwamba tunajua pia yanayotuharibu sisi wenyewe. La kwanza ni kutia chumvi. Waliokamatwa ni 40, mtu mwenye uchungu anasema 400, na kesho yake msemaji wenu anaonyesha orodha ya mahabusu, anahesabu mpaka 40 mbele ya waandishi wa habari, na wale 40 wanapotea pamoja na wale 360 ambao hawakuwapo. Kwa hiyo tukiwa hatuna uhakika tutaandika ile idadi ndogo tunayoweza kuithibitisha, jina kwa jina, hata ikituuma.

La pili ni usafi wetu. Muuguzi anayekataa kughushi cheti cha kifo huku anauza dawa za wodi mlangoni ameshawapa kamba ya kumfungia. Mhasibu aliyesaini posho ya kikao ambacho hakuhudhuria hawezi kukataa hati ya malipo hewa ya kwenu, maana mtamtolea ile yake. Tumeanza nyumbani. Daftari la mahudhurio linaandikwa saa ambayo mtu amefika kweli, si saa 2 kamili kwa kila jina. Hakuna kumsainia mwenzako. Posho isiyo halali inarudishwa na stakabadhi inatunzwa. Mnaweza kuyaona haya ni madogo. Hujuma nyingi dhidi ya mtu mkweli hazimshambulii kwenye ule ukweli wake. Zinatafuta lile tobo dogo la pembeni.

La tatu ni hila. Wapo watakaotushauri tupoteze majalada, tujifanye wagonjwa, tucheleweshe mambo kwa makusudi huku tukisingizia mtandao. Hatutafanya hivyo. Jalada lililofichwa nalo ni uongo, na anayeumia kwanza ni mwananchi aliyepanga foleni. Tukikataa tutasema tumekataa. Na akitokea mtu kati yetu anayehimiza kuchoma au kupiga, tutamwomba akae pembeni, tukijua kwamba mara nyingi mtu wa namna hiyo hutumwa ili mpate sababu.

Kosa likitokea upande wetu, na litatokea, tutalisahihisha hadharani. Katika Umoja wa Kisovieti, kuanzia tarehe 30 Aprili 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walichapa kwa taipureta jarida la siri la kuorodhesha waliokamatwa, kesi zao, na hali za wafungwa. Nakala zilitolewa kwa karatasi za kaboni, na aliyeipata aliichapa tena ampe mwingine. Taarifa zilirudi kwa njia ileile: unamwambia aliyekupa nakala, naye anamwambia aliyempa yeye, mpaka zimfikie mhariri, wala hakuna aliyepaswa kuujua mnyororo mzima. Lugha yake ilikuwa kavu, bila vivumishi. Na toleo lililokosea jina au tarehe lilisahihishwa kwenye matoleo yaliyofuata. Natalya Gorbanevskaya, mhariri wake wa kwanza, alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, lakini jarida liliendelea. Magazeti makubwa ya serikali yalikuwa na mitambo na mamilioni ya nakala. Karatasi zile zenye maandishi hafifu ya kaboni ndizo watafiti wanazozitegemea leo kujua nini kilitokea.

Huenda mtauliza kama basi tutatoa siri zote za ofisi. Hapana. Kunyamaza na kusema uongo ni vitu viwili. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa; hatutatoa hata jeraha lake bila yeye kukubali, kwa sababu nyie mkishajua jina lake ni yeye atakayefuatwa usiku. Jina la shahidi halitoki. Mtihani hautoki kabla ya siku yake. Tunachokataa ni kuandika kuwa jambo halikuwa ilhali lilikuwa. Kuna swali gumu zaidi, nalo hatulikwepi: wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walighushi vitambulisho ili kuwaokoa waliokuwa wakisakwa wauawe, na sisi hatuna ujasiri wa kuwaita waongo. Waliosukumwa kwenye shimo lile walichagua uhai wa mtu. Barua yetu inahusu kumbukumbu za umma, ambazo mwenye nguvu anataka zimsafishe.

Kuhusu gharama, tumeshapiga hesabu. Mtawahamisha baadhi yetu, wengine mtawafukuza. Kila mmoja wetu anaweka kando mshahara wa siku 1 kila mwezi. Watu 60 wakifanya hivyo, zinapatikana siku 60, yaani mishahara ya mwezi mzima ya watu 2 waliofukuzwa. Fedha hizo hutolewa kwa saini za watu wawili, kila malipo na stakabadhi, na hesabu husomwa mbele ya wachangiaji wote kila baada ya miezi 3. Watunzaji hawazidi mwaka mmoja. Mfuko wa namna hii huharibika kwa njia mbili: mtunzaji mmoja kukaa nao peke yake, na aibu ya kuulizana. Polandi, mwaka 1976, baada ya wafanyakazi waliogoma kupigwa na kufukuzwa, watu 14 waliunda kamati ya kuwatetea. Wakakusanya fedha za chakula, mawakili na matibabu kwa familia za waliofukuzwa, na kwenye matangazo yao wakaweka majina yao, anwani na namba zao za simu. Polisi walijua kila nyumba ya kwenda kupekua. Lakini mke wa mfungwa naye alijua mlango wa kugonga.

Waheshimiwa, tungeweza kuishia hapa kama shida ingekuwa yetu tu. Tunaendelea kwa sababu uongo mnaoagiza unawarudia nyie, na unawarudia mkiwa hamna habari.

Mwaka 1937 Umoja wa Kisovieti ulihesabu watu wake. Uongozi ulikuwa umeshatangaza kuwa ni milioni 168 tangu mwaka 1934, na ulitarajia zaidi. Waliohesabu walipata milioni 162, kwa sababu njaa kubwa ilikuwa imepita. Sensa ikafutwa, wakuu wa takwimu wakakamatwa, baadhi yao wakapigwa risasi. Sensa ya 1939 ikatoa milioni 170. Mnadhani ni mtaalamu gani wa takwimu, baada ya hapo, angemwambia mkubwa namba asiyoitaka?

China ililipa zaidi. Mwaka 1958 viongozi wa mikoa walishindana kutangaza mavuno. Jumla iliyotangazwa ilikuwa tani milioni 375 za nafaka, wakati mavuno halisi yalikuwa kama tani milioni 200. Serikali kuu haikuwa na namba nyingine. Ikakokotoa sehemu yake kutoka kwenye mavuno yasiyokuwapo, na vijijini ikachukua hata kilichokuwa cha kula. Julai 1959 waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, aliandika barua kwa Mao, kiongozi mkuu wa nchi hiyo, akieleza kwa heshima kwamba takwimu zilitiwa chumvi. Akaondolewa wadhifa. Wengine wote wakajifunza, ripoti nzuri zikaendelea kupanda ngazi, na kufikia 1961 watu walikuwa wamekufa kwa mamilioni, makadirio mengi yakianzia milioni 15 kwenda juu. Kila karani aliyeongeza sifuri alidhani anajinusuru siku moja.

Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika Umoja wa Kisovieti, kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Mji wa Pripyat, mlango wa pili, ulihamishwa kesho yake mchana. Dunia ilianza kushtuka tarehe 28 kwa sababu huko Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000, kipimo cha mionzi kwenye kinu kingine kililia kwa sababu ya viatu vya mfanyakazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi humuumbua kwa viatu vya mgeni.

Kuna habari moja tungependa mwisome mkiwa peke yenu. Tarehe 7 Februari 1986 Ufilipino walipiga kura. Matokeo yalikuwa yakiingizwa kwenye kompyuta na kuonyeshwa kwenye ubao mkubwa ukumbini. Tarehe 9 usiku, waendesha kompyuta thelathini na kitu waliona tarakimu za ubaoni hazifanani na walizokuwa wakiziingiza. Walikuwa waajiriwa tu. Walisimama, wakachukua ushahidi wao, wakatoka mbele ya waandishi wa habari, wakaenda kujihifadhi kanisani. Hawakuchoma kitu. Rais Marcos alikuwa na jeshi, mahakama na bunge, na siku 16 baadaye alikuwa ndani ya ndege. Mambo mengi yalichangia kumwondoa, lakini tangu usiku ule hakuna aliyeweza kusema kwa uso mkavu kwamba hesabu ni sahihi, maana waliohesabu walikuwa wameshatoka mlangoni.

Tunachoomba hakihitaji sheria mpya. Januari 1977, watu zaidi ya 240 wa Chekoslovakia walitia saini tamko lililoitwa Charta 77, na sehemu kubwa ya tamko hilo ilikuwa kuikumbusha serikali mikataba ya haki za binadamu ambayo yenyewe ilikuwa imeiridhia na kuichapisha kwenye gazeti lake la sheria miezi michache kabla. Jan Patočka, mmoja wa wasemaji wake, mzee wa miaka 69, alifariki Machi mwaka huo baada ya mahojiano marefu ya polisi. Nasi tunawarudisha kwenye mlichosaini wenyewe.

Maagizo yote yawe kwa maandishi, yakiwa na cheo na tarehe. Fomu ya matokeo ibandikwe mlangoni mwa kituo na kila wakala apewe nakala yake kabla sanduku halijaondoka. Kituo kisicho na karatasi mlangoni, jumla yake isipokelewe. Daktari ampime mahabusu bila askari chumbani, na nakala ya kipimo akabidhiwe mahabusu au ndugu yake. Mkaguzi wa hesabu akikuta pengo, ripoti yake isomwe kama alivyoiandika, isipitie kwanza kwa anayekaguliwa. Na anayeomba agizo kwa maandishi asihamishwe katika miezi 6 inayofuata, isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa ambayo yeye mwenyewe ameisoma.

Fomu za wiki ijayo zimeshapangwa mezani, hazijasainiwa, kama inavyopaswa. Zitajazwa kwa kitakachoonekana. Majibu yenu tunayaomba kwa maandishi, yakiwa na tarehe, cheo na saini ya anayejibu.

Ni sisi,
tunaojaza fomu.